Makumbusho ya Tangmere: ndege za jeti za mwanzo katika uwanja uliozilea

Makumbusho ya ndege za kijeshi ya Tangmere, yaliyo katika kijiji cha jina hilo karibu na mji wa Chichester, kusini mwa Uingereza, ni madogo ukiyalinganisha na yale ya London au Duxford, na mtu anayetafuta wingi wa ndege ataridhika zaidi huko kuliko hapa. Hata hivyo, yana jambo ambalo wingi hauwezi kulifidia: ndege mbili za jeti zilizoweka rekodi ya dunia ya kasi, Gloster Meteor ya mwaka 1946 na Hawker Hunter ya mwaka 1953, zimesimama kando ya uwanja uleule zilikopaa kwenda kuiweka. Nimekwenda hapo zaidi ya mara moja, mwanzoni kwa udadisi na baadaye kwa makusudi, na kwa maoni yangu, anayetaka kuelewa miaka kumi na mitano ya mwanzo ya ndege za kivita za jeti atafundishika vizuri hapa kwa muda wa saa chache, ilimradi asitosheke na kusoma vibao bali azungumze pia na wazee wanaojitolea kuyaendesha.

Uwanja wenyewe ulianza mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ukapigwa mabomu vibaya na ndege za Wajerumani tarehe 16 Agosti 1940, na ukafungwa na Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1970. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1982. Wageni wengi huja kwa ajili ya habari za vita vya angani vya mwaka 1940 kati ya Waingereza na Wajerumani, na sehemu hiyo ina utajiri wake wa mabaki ya ndege, sare, barua na picha. Mimi nitaipita haraka, kwa kuwa yameshaandikwa mengi juu yake na kwa kuwa naona kinachoyatofautisha makumbusho haya na mengine ni kilichofuata baada ya vita, pale panga boi lilipoondoka kwenye pua ya ndege ya kivita na moto ukahamia ndani ya injini.

Inafaa kukumbuka jinsi mabadiliko hayo yalivyokuja upesi. Frank Whittle, ofisa kijana wa jeshi la anga, aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya injini ya jeti mwezi Januari 1930 na kwa miaka kadhaa hakupata wa kumsikiliza. Ndege ya kwanza ya Uingereza kutumia injini ya aina hiyo, Gloster E.28/39, ilipaa Cranwell tarehe 15 Mei 1941 na kukaa angani dakika 17. Meteor ilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1943, na mwezi Julai 1944 Kikosi namba 616 kikaanza kuipokea. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Agosti, rubani mmoja wa kikosi hicho alikuwa akilifukuza bombu la V-1, bombu la Wajerumani lenye mabawa lililoruka bila rubani, lililokuwa likielekea London, mizinga yake ikagoma kufyatuka. Akalisogelea bombu hilo hadi bawa lake likawa chini ya bawa la bombu, akaliinua, nalo likapinduka na kuanguka kabla ya kufika. Kutoka jaribio la dakika 17 hadi kisa hicho ni miaka mitatu na ushei tu, na kasi hiyo ya mabadiliko ndiyo inayoeleza kwa nini ndege za kundi hili zilikuwa na ubora na kasoro kwa wakati mmoja: zilitumwa kazini kabla wahandisi hawajamaliza kuzielewa.

Meteor iliyopo Tangmere ni ya toleo la F.4, yenye namba EE549. Ukisimama mbele yake kwa mara ya kwanza utashangaa jinsi ilivyo na umbo la kizamani. Mabawa yake hayakulazwa nyuma kama ya ndege zilizokuja baadaye, yamenyooka tu kama ya ndege za panga boi, na injini zake mbili za Rolls-Royce Derwent zimekaa katikati ya mabawa hayo, kila moja ndani ya ganda nene la bati. Mtu asiyejua angesema ni ndege ya abiria wachache iliyopunguzwa ukubwa. Lakini ndiyo iliyomchukua Group Captain Edward Donaldson tarehe 7 Septemba 1946, akaruka juu ya bahari ya pwani ya Sussex kwa wastani wa kilomita 991 kwa saa, rekodi ya dunia ya wakati huo. Kundi maalumu lililoundwa Tangmere kwa kazi hiyo lilikuwa na marubani wengine wawili ambao majina yao hayakupata sifa hiyo siku hiyo, Bill Waterton na Neville Duke. Huyo wa pili mgeni atakutana naye tena baada ya kupiga hatua chache.

Anayeongoza wageni akikueleza namna rekodi ilivyopimwa, msikilize kwa makini, maana hapo ndipo utakapoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Njia ya kupimia ilikuwa na urefu wa kilomita tatu, nayo ililazimika kupitwa kwa kwenda na kurudi mara kadhaa ili upepo usimsaidie wala kumwonea rubani, kisha wastani ukachukuliwa. Isitoshe, ilibidi ndege iruke chini sana, chini ya mita mia moja kutoka usawa wa bahari. Katika urefu huo, na katika kasi inayokaribia ya sauti, hewa hupiga mabawa kwa namna ambayo wabunifu wa mwaka 1946 walikuwa bado wanaikisia: ndege hutikisika, bawa moja hutaka kuanguka, na usukani huwa mzito kiasi cha kumfanya rubani atumie nguvu za mikono yake yote miwili kuizuia isigeuke. Hapakuwa na kiti cha kumrusha rubani nje. Majaribio ya kwanza ya kiti cha namna hiyo kwa mtu aliye hai nchini Uingereza yalifanyika tarehe 24 Julai mwaka huohuo, wiki sita tu kabla ya rekodi, na Meteor za F.4 hazikuwahi kuwekewa. Donaldson na wenzake walijua kwamba jambo likiharibika kwa kasi ile na katika urefu ule, hapangekuwa na nafasi ya kufanya lolote.

Hapa ndipo wazee wa makumbusho wanapokuwa na thamani kuliko vibao. Wengi wao walihudumu katika jeshi la anga, baadhi kama marubani na wengine kama mafundi, na mgeni akiuliza swali lenye maana atapewa jibu refu. Mmoja wao, aliyekuwa fundi kijana wakati wa utumishi wa lazima, alinieleza kuhusu asubuhi za baridi ambapo injini za jeti za wakati ule ziliwashwa kwa risasi kubwa ya baruti: mlipuko mkavu, moshi mweusi unaotoka ubavuni, harufu ya baruti ikichanganyika na ya mafuta ya taa, kisha mlio unaoanza chini kama mluzi na kupanda mpaka masikio yanauma. Aliyasema hayo huku ameinamisha kichwa upande mmoja ili anisikie, kwa kuwa wengi wao walifanya kazi hiyo bila kinga yoyote ya masikio na wamelipia uzeeni. Alieleza pia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba wakazi wa vijiji vya jirani walizipenda na kuzilaani ndege hizo kwa siku moja: watoto walikaa kwenye ua wa uwanja kuzitazama, na mama zao walishikilia vikombe visidondoke kabatini.

Alipofika kwenye habari za vifo sauti yake ilibadilika kidogo, na nadhani kila mgeni anastahili kusikia sehemu hii. Katika utumishi wa Jeshi la Anga la Uingereza zilipotea takriban Meteor 890, na marubani wapatao 450 wakafa, wengi wao wakiwa mafunzoni na si vitani. Sababu mojawapo ilikuwa mafunzo yenyewe. Kwa kuwa Meteor ilikuwa na injini mbili zilizotengana, mkufunzi alizoea kuzima moja ili mwanafunzi ajifunze kutua kwa ile iliyobaki. Mwanafunzi aliyepunguza kasi kupita kiasi alivutwa na injini iliyo hai upande mmoja, ndege ikapinduka, na ardhi ilikuwa karibu mno. Toleo la viti viwili lilikuwa na hatari yake ya pekee: rubani akisahau breki za hewa, vile vibao vya kupunguza mwendo angani, zikiwa wazi wakati wa kuteremsha magurudumu, ndege iliweza kuinamisha pua na kupiga mbizi ghafla. Watu walikufa kwa mazoezi ya kujikinga na ajali ambazo kwa hakika zilikuwa nadra kuliko mazoezi yenyewe, na ilichukua miaka kabla wakubwa hawajakubali hesabu hiyo. Anayetazama EE549 ikiwa inang'aa chini ya taa na asijue hayo ataondoka na nusu ya habari.

Hatua chache kutoka hapo imesimama Hunter yenye namba WB188, na tofauti kati ya ndege hizi mbili, zilizotenganishwa na miaka saba tu, ni somo ambalo picha haiwezi kulitoa. Imepakwa rangi nyekundu mwili mzima. Mabawa yamelazwa nyuma, injini moja tu ya Rolls-Royce Avon imefichwa ndani ya kiwiliwili, na hakuna kitu kilichojitokeza bila sababu. Sydney Camm, mbunifu wake, ndiye aliyebuni Hurricane, ndege ya panga boi iliyopigana mwaka 1940, na ninavyoona mimi hakuwahi kuchora ndege nzuri kuliko hii. WB188 ilikuwa ndiyo ndege ya kwanza kabisa ya aina ya Hunter, iliyorushwa na Neville Duke tarehe 20 Julai 1951. Baadaye ilifanyiwa marekebisho ili ivunje rekodi: pua ilichongwa zaidi, na nyuma ya injini pakawekwa mtambo wa kuchoma mafuta ya ziada katika bomba la kutolea moto, ambao huongeza msukumo kwa gharama ya kunywa mafuta kwa pupa.

Jaribio lilikaribia kuishia kwenye maafa. Mwishoni mwa Agosti 1953, Duke akiwa katika kasi ya juu kabisa, mguu mmoja wa magurudumu ulichomoka na kuteremka wenyewe, na akalazimika kutua na ndege iliyojeruhiwa. Ikatengenezwa, na tarehe 7 Septemba, siku na mwezi uleule ambao Donaldson aliweka yake, Duke akapita pwani ileile kwa wastani wa kilomita 1,171 kwa saa. Rekodi yake haikudumu hata mwezi. Mwishoni mwa mwezi huohuo, Mike Lithgow akaivunja nchini Libya kwa ndege ya Supermarine Swift, kwa kilomita 1,184 kwa saa, na tarehe 3 Oktoba Wamarekani wakaichukua kwa Douglas Skyray. Kwenda Libya hakukuwa matembezi. Kasi ya sauti hupanda hewa inapokuwa ya moto, na kwa ndege ambayo kikwazo chake kikuu ni ule ukuta wa hewa unaojengeka karibu na kasi ya sauti, joto la jangwani humsogezea rubani ukuta huo mbele kidogo. Duke alifanya yake katika hewa ya Sussex. Kwa sababu hiyo mimi huipa rekodi yake uzito kuliko tarakimu zinavyoonyesha, ingawa najua mashabiki wa Swift watanitazama kwa jicho kali.

Swift nao wanayo, ya toleo la FR.5, na ninaisifu Tangmere kwa kuiweka mahali panapoonekana badala ya kuionea aibu, maana ndege hii ilishindwa. Ilikusudiwa kulinda anga la Uingereza sambamba na Hunter, ikaingia kikosini mwaka 1954, na baada ya ajali na matatizo ya kuiongoza katika anga za juu ikaondolewa kwenye kazi hiyo mwaka uliofuata. Iliyobaki ni hii ya kupiga picha za upelelezi kwa kuruka chini, kazi ambayo iliifanya vizuri nchini Ujerumani hadi mwaka 1961.

Hunter nyingine iliyopo, WP190 ya toleo la F.5, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu ni ndege ya kazi, si ya maonyesho. Kikosi namba 1 kilitumia Hunter za F.5 hapahapa Tangmere kuanzia mwaka 1955, na mwaka uliofuata kikapelekwa nazo Cyprus pamoja na Kikosi namba 34 wakati wa vita vya Suez, wakagundua kwamba mafuta hayakutosha kuwawezesha kufanya kazi ya maana juu ya Misri. Mwombe mwongoza wageni akuonyeshe tumbo la ndege. Mizinga minne ya milimita 30 na risasi zake vilikaa katika sanduku moja lililoweza kuteremshwa na kubadilishwa na lingine lililojazwa, karibu kama mtu anavyobadilisha mtungi wa gesi jikoni. Vile vivimbe viwili vilivyo chini ya pua, vilivyowekwa ili kukusanya vipande vya mikanda ya risasi visije vikaigonga ndege, mafundi waliviita Sabrina, jina la mwigizaji mmoja wa kike wa Uingereza aliyejulikana kwa kifua chake. Mzee aliyenieleza alisita kwanza, akamtazama mjukuu wangu, akaamua kuendelea. Jambo la kihandisi lenye uzito zaidi ni kwamba Hunter za mwanzo zenye injini ya Avon zilikuwa na tabia ya kukohoa na hata kuzima pale mizinga ilipofyatuliwa, kwa sababu ya moshi wake kuingia kwenye injini, ilhali zile za F.5 zilikuwa na injini ya Sapphire ambayo haikusumbuliwa na moshi huo. Ndege ya kivita isiyoweza kufyatua mizinga bila kujizima ni kichekesho kwa anayesoma, lakini marubani waliopewa kuilinda nchi kwayo hawakucheka.

Uhaba wa mafuta nao haukuwa mzaha. Tarehe 8 Februari 1956, Hunter nane kutoka West Raynham, mkoani Norfolk, zilirudi zikakuta ukungu umefunika uwanja. Zikaelekezwa kwenye uwanja wa jirani, na sita kati yake zikaanguka, nyingi kwa kuishiwa mafuta, na rubani mmoja akafariki. Ninalitaja tukio hili, ingawa halikutokea Tangmere, kwa sababu mgeni akisimama chini ya bawa la WP190 na kuona jinsi lilivyo jembamba ataelewa mara moja ni nafasi ndogo kiasi gani iliyokuwamo ya kuwekea mafuta.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki au wa Oman, Hunter si ndege ya kigeni hata kidogo, na ningemshauri aje Tangmere na historia yake mwenyewe mkononi. Kikosi namba 208 kilihamia Nairobi na Hunter zake mwaka 1960, na kutoka huko kikapelekwa katika mgogoro wa Kuwait wa mwaka 1961. Jeshi la Anga la Kenya lenyewe lilipata Hunter chache zilizokwishatumika katika miaka ya 1970, ambazo baadaye ziliuzwa Zimbabwe. Oman ilipewa Hunter na Jordan mwaka 1975, zikawekwa katika kambi ya Thumrait huko Dhofar, zikaendelea kuruka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazee wa Eastleigh waliokulia karibu na uwanja wa kijeshi wa Nairobi, na wale wa Salalah wanaozikumbuka zile za Thumrait, wangeweza kabisa kukaa na wazee wa Tangmere na kulinganisha mlio.

Lakini kitu kilichonisimamisha kwa muda mrefu kuliko vyote ni Sea Vixen. Ni ndege ya jeshi la majini, yenye mikia miwili iliyounganishwa kwa nyuma na kibanda cha rubani kilichowekwa upande wa kushoto badala ya katikati, huku msaidizi wake wa rada akizamishwa ndani upande wa kulia bila dirisha la maana. Umbo lake linavutia na kutisha. Mwezi Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Uingereza, ilikuwa manowari ya HMS Centaur iliyofika pwani ya Dar es Salaam, makomando wake wakateremshwa kwa helikopta katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaijua kwa jina la Lugalo, na ndege za Sea Vixen zilizopaa kutoka manowari hiyo ndizo zilizowakinga kutoka angani. Sisemi kwamba hii iliyopo Tangmere ilikuwa mojawapo. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa kwenye simulizi za asubuhi ile, tarehe 25 Januari, hawezi kuitazama ndege ya aina hii kama wanavyoitazama wageni wengine, na kwamba uasi huo uliozaa Jeshi la Wananchi wa Tanzania una kipande chake hapa Sussex, pembeni ya duka la vitabu na vibanda vya chai.

Kuna kisa kingine cha Hunter ambacho usiondoke bila kukiuliza. Tarehe 5 Aprili 1968, Flight Lieutenant Alan Pollock wa Kikosi namba 1, aliyeudhika kwamba miaka hamsini ya jeshi la anga haikuadhimishwa kwa ndege kupita juu ya London, alipaa kutoka Tangmere pamoja na wenzake kurudi West Raynham, akajitenga nao, akalizunguka bunge la Uingereza, kisha akapita na ndege yake katikati ya daraja la Tower Bridge, chini ya njia ya juu ya watembea kwa miguu. Alipotua alikamatwa. Hakufikishwa mahakama ya kijeshi. Aliondolewa jeshini kwa sababu za kiafya, njia ambayo iliwaepusha wakubwa na kesi ambayo wananchi wangemshangilia mshtakiwa. Wazee wa Tangmere wamegawanyika juu yake hadi leo, na mabishano yao ni burudani: fundi mmoja aliniambia Pollock alikuwa sahihi, mwenzake akakatiza kwamba dereva wa basi lililokuwa darajani hakuulizwa maoni yake.

Kuhusu huduma zenyewe, nina machache. Mpangilio wa kumbi ni wa kawaida na mtu hapotei. Maelezo yote ni ya Kiingereza, hivyo anayempeleka mzazi au babu asiyekijua ajiandae kuwa mkalimani. Kuna mashine za kuigiza urushaji wa ndege ambazo watoto hawataki kuziacha, na mgahawa mdogo wa chai na keki ambao hauna makuu. Ndege nyingine zilizopo, zikiwamo Phantom, Lightning na Sea Harrier, ni za vizazi vilivyofuata; ni nzuri, lakini mwenye muda mfupi aziache mwisho. Ya mwanzo ndiyo yawe mwanzo: Meteor, kisha Hunter nyekundu, kisha Hunter ya kazi, kisha Swift.

Asiyekuwa na gari atashuka treni Chichester na kuchukua basi au teksi, maana kijiji kiko kilomita chache tu mashariki ya mji. Makumbusho hayafunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kukata tiketi ya treni, na ukiweza chagua siku ya katikati ya wiki, wakati wa masomo, ambapo wazee wana nafasi ya kukaa na mgeni mmoja. Usitegemee kuona njia ya kurukia ndege kama ilivyokuwa: sehemu kubwa ya uwanja imegeuzwa mashamba, nyumba, na mabanda makubwa ya vioo yanayokuza pilipili hoho. Mwenye gari na nusu siku ya ziada aendelee mashariki hadi Rustington, ufukweni, ambako njia ile ya kilomita tatu ilipimwa na ambako rekodi hizo zimewekewa kibao cha kumbukumbu. Achukue koti, upepo wa pale ni mkali hata Septemba.